Gololi ya Bi Ishbel

Bi Ishbel Rennie hanunui nyumba siku ya jua.
Hapa Glasgow jua lenyewe huja kwa miadi,
lakini akiliona tu
hugeuza njia, akaenda zake kununua siagi.
"Nyumba hutazamwa inaponyeshewa," husema,
"kama mtu anavyotazamwa akiwa na deni."

Mkobani ana gololi moja ya kijani.
Dalali akianza kumwaga sifa,
dari refu, meko ya marumaru, stesheni pua na mdomo,
yeye huinama, goti likalia,
akaiweka gololi sakafuni, akaiachilia.

Kule mtaa wa Garturk ilianza taratibu,
ikapita chini ya meza kama mgeni asiyejulikana,
ikachanganya miguu karibu na dirisha,
ikagonga ukuta:
tik.
Dalali akakohoa.
Bi Ishbel akaokota mali yake,
na kabla hajasimama wima
alikwisha kuondoa pauni elfu tisa kwenye bei.

Alichukua ghorofa ya kwanza, si ya juu.
"Paa ni la wenyewe wanane," alisema,
"ndoo ni ya wa juu peke yake."
Na kabla ya kutia saini alibisha milango yote
na kopo la biskuti, akiuliza polepole
nani hulipa fundi, nani hujificha.
Mlango wa sita haukufunguliwa.
Huo aliuandika kwa wino mwekundu.

Mpwa wake Struan alicheka.
Struan alikuwa na nyumba tano, zote za mkopo,
za riba inayopanda na kushuka kama homa.
"Shangazi, wewe unanunua kwa woga."
"Woga wangu nimeukatia bima," akajibu,
akaifunga riba yake kamba fupi, miaka mitano.
Mwaka juzi homa ilipanda.
Struan sasa ana nyumba moja, tena ile mbovu,
na anapocheka hufunika mdomo.

Haya nimeyajuaje?
Mimi ni mpangaji. Nakanda mkate usiku, nalala mchana.
Alikuja kuziba bomba la jikoni, kwa mikono yake
(fundi huanza kuhesabu akiwa bado ngazini),
akaondoka, akasahau daftari juu ya birika.

Sikupaswa.
Nikafungua.

Mabomba. Bima. Fungu la paa.
Akiba ya boila, pauni ishirini kila mwezi, hata boila ikiwa nzima.
Halafu safu iliyoandikwa *Mwezi Mtupu*,
na humo, kwa penseli, jina langu:
*Effie hulipa tarehe mosi. Kodi isipande.
Mwezi mmoja bila mtu
hula nyongeza ya mwaka mzima.*

Kumbe.
Miaka minne nilidhani ni huruma.
Nilidhani ananipenda kidogo, kwa namna yao wabahili,
kumbe mimi ni ufa uliozibwa mapema,
kumbe mimi ni hatari iliyopunguzwa.

Nikarudi nyuma kurasa, nikiwa na hasira ya mtu aliyelala saa mbili,
nikitafuta Januari, nilipougua kifua,
alipopanda ngazi na sufuria ya supu ya kuku na liki
siku tisa mfululizo.
Kuku hakuwamo.
Liki haikuwamo.
Hata gesi ya kupikia.
Na huyu ni mtu anayeandika bei ya misumari.

Akarudi jioni, koti likichuruzika, akasimama mlangoni.
"Umelisoma?"
"Nimelisoma."
"Umeona kosa?"
Nikafikiri la kusema. Nilikuwa nalo, refu, limenoleka.
Badala yake nikasema:
"Machi umeijumlisha bima mara mbili."

Akavaa miwani. Akalamba ncha ya penseli.
Akahesabu, midomo ikicheza bila sauti,
akafuta.
"Pauni arobaini na moja," akasema,
na kwa mara ya kwanza tangu nihamie
akavuta kiti, akaketi.