Puto Tupu

Watoto wa Aizawl hawajaiona bahari.
Wanaujua ukungu tu, ule wa alfajiri
unaojaza mabonde hadi kwenye nguzo za nyumba,
vilele vikabaki vinaelea kama vichwa vya waogeleaji.
Basi nikachora ukungu, nikauita bahari,
na samaki nikamwibua kutoka bondeni,
mgongo wake ukipasua weupe
karibu na kituo cha teksi.

Miaka kumi na miwili nilichora matairi
kwenye mabango ya duka la shemeji yangu.
Tairi ni duara; mkono wangu unalijua duara.
Ndiyo maana Yona wangu ana uso wa mviringo,
tumbo la samaki nalo la mviringo,
lakini hasira yake, nilipofika sura ya nne,
ilikataa katakata kuviringika.
Niliichora kwa rula.

Ninawi nikaipanga mlimani, nyumba juu ya nyumba,
nguo zimeanikwa, ngazi hazina mwisho,
na chini ya kila sakafu nguruwe.
Andiko linasema hata mifugo ilivikwa magunia.
Nikawavika nguruwe magunia ya mchele,
chapa ya kiwanda ikisomeka ubavuni.
Darasa zima lilicheka mpaka Mwalimu Biakzuala
akapiga meza kwa kitabu cha nyimbo,
kisha naye akacheka, makamasi yakamtoka.

Kamati ikakaa. Chai, biskuti, miwani.
"Mwisho uko wapi?" akauliza katibu, Bwana Thangkima,
akiugeuza ukurasa wa mwisho huku na huku
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Mchore Yona anatabasamu. Apige magoti.
Watoto wapate funzo."
Nikamwambia funzo sikulificha mimi.
Habari yenyewe inaishia kwenye swali:
Mungu anauliza, mtu hajibu.
Yona ameketi juani, mmea umenyauka,
na juu ya kichwa chake puto la maneno,
jeupe, tupu, mkia umeelekea mdomoni.
"Au wino ulikuishia?" mwingine akadakia.
Nilipita kwa kura moja.
Nakala mia mbili, karatasi hafifu.

Sasa Rempuia. Benchi la nyuma, miaka kumi na mmoja,
husoma kwa kidole, herufi baada ya herufi,
kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe,
na kila Jumapili hutumbukia aya ya pili.
Tangu mvua za mwaka juzi, ukuta wa baba yake mdogo
ulipoporomokea banda lao, nguruwe sita chini yake,
nyumba hizo mbili hazisalimiani.
Hata kanisani huingia kwa milango tofauti.
Hasira hasara, tunawafundisha. Wao wameshahesabu hasara,
hasira bado wanaifuga.

Katuni hakuisoma kwa kidole.
Aliisoma kwa pua, karibu hivyo,
akarudi nyuma kwenye magunia, akaenda mbele, akarudi.
"Yona alijibu nini?"
Nikasema sijui.
Akanitazama kama mteja anavyomtazama fundi cherehani
aliyesema njoo kesho mara tatu.
"Si wewe ndiye uliyemchora?"

Wiki moja baadaye akaniletea nakala yake,
imekunjwa mara nne, inanuka moshi wa jikoni.
Ukurasa wa mwisho umekwanguliwa kwa kifutio
hadi mwanga unapenya.
Ndani ya puto, kwa penseli, herufi zinapigana vikumbo:
BADO NIMEKASIRIKA.
Na chini yake, ndogondogo, zimebanana ukingoni
kwa kuwa puto nililichora dogo mno:
lakini nguruwe wasife.

Sikumwonyesha Bwana Thangkima.
Sijui kama milango ile ya kanisa itakuja kuwa mmoja;
Jumapili iliyopita ilikuwa bado miwili.
Ila toleo la pili likichapwa,
puto nitalipanua.