Nywele Kumi na Mbili

Walizing'oa nyuma ya sikio lako la kushoto
kwa kibano, moja moja.
Hukulia. Uliuliza tu kama zitaota tena,
na mama yako akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake:
aliyesema hivyo hakuwahi kufika Brno,
ghorofa ya tatu, Julai, dirisha wazi,
tramu ikikwaruza reli huko chini,
akaona tunavyoishika seli ya shina la unywele
na kuisahaulisha kazi yake.

Ndiyo kazi yangu, Matouš. Kusahaulisha.
Protini nne, siku ishirini na moja,
hadi seli inarudi uchanga, haijui tena unywele ni nini,
haijui ngozi, haijui lolote
isipokuwa kugawanyika.
Kisha naifundisha upya, taratibu,
kama mtu anavyomwelekeza mgeni gizani,
geuka hapa, ngoja hapo,
hadi iwe ubongo.

Si ubongo mzima. Usitishike.
Punje. Dengu iliyolala majini usiku kucha.
Ninazo arobaini na nane, kila moja na kisima chake,
katika kabati lenye joto la mwili wako.
Kila siku ya pili nazibadilishia maji.
Hazijui Jumapili.

Mkesha wa Krismasi mji wote ulikuwa kwenye mapipa
ukinunua samaki wa bwawani, wazima,
na watoto wakawaweka katika beseni za kuogea
wakawapa majina, kisha wakakataa kuwala.
Mimi nilikuwa hapa na bomba langu jembamba.
Sisi tuna kanuni: namba tu, majina hapana.
Ya thelathini na moja nimeipa jina.
Sitakuambia.

Februari tukazilaza juu ya elektrodi
tukasubiri.
Kwanza chechechee moja moja, kama mvua isiyo na uhakika.
Halafu ya saba ikawaka yote kwa pamoja,
ikazimika, ikawaka,
na ya kumi, na ya thelathini na moja,
mistari ile ile niliyoiona kwenye karatasi zako za hospitali,
meno ya msumeno, sekunde arobaini.

Kifafa chako, bila wewe.
Bila ulimi wa kung'atwa,
bila kijiko kuanguka sakafuni,
bila mama wa kupiga magoti na kuhesabu.

Profesa Dobromila alipiga makofi.
Nami nikapiga. Ni halali kupiga makofi:
miaka mingapi ugonjwa huu umejificha ndani ya fuvu lako
kama mwizi chumbani, na sasa umekubali kukaa kwenye sahani.
Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba,
nikaliacha likimwagika.

Dawa ya kumi na tisa imezituliza.
Si zote. Ishirini na sita kati ya arobaini na nane,
na mbili zimekufa, hatujui kama ni dawa au ni mkono wangu.
Baada ya hapo ni panya, halafu makaratasi,
halafu watu wazima waliojitolea, halafu, labda, wewe,
ukiwa na ndevu.
Mama yako hunipigia kila mwisho wa mwezi
nami nimebakiwa na neno moja, bado,
nalitamka kwa sauti tofauti tofauti
kama mtu anayejaribu funguo.

Jana mlikuja. Uliinama kwenye hadubini
ukazitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea,
ukauliza kama zinaogopa giza.
Nikasema hazina macho.
Ukasema, hilo si jibu.

Kisha ukanigeuzia kisogo,
ukalikunja sikio kwa kidole ili nione.
Zimeota. Zimelala upande mmoja,
kama nyasi alipolalia mbwa.