Mpekuzi Dukani, Kitangali

Kaagiza soda, hainywi.
"Huyu Chilumba wa Bi Somoe, unamjua?
Anadaiwa?"

Daftari liko chini ya kaunta.
Ukurasa wake una vumbi la salfa:
mifuko minane, msimu ule wa ubwiriunga,
sukari, betri za tochi,
sanda ya baba yake.
Mbele ya sanda sikuandika bei.

"Mwenye madeni hununulika," anasema,
"na siri za serikali
hazitiwi kwenye mfuko uliotoboka."

Nikimtaja, kazi hapati.
Asipopata kazi, atanilipa nini, makorosho mabovu?
Nikimficha,
basi mimi ndiye niliyenunuliwa,
tena kwa pesa yangu mwenyewe.

Soda imeisha gesi.

"Anadaiwa sanda," nasema.

Kalamu yake inasubiri tarakimu.