Dakika Mbili kwa Kila Mgombea

Walinichagua nishike saa kwa sababu sina upande.
Ndivyo alivyosema katibu, Maribeth Sorlie, kwa upole,
akinikabidhi kadi tatu: kijani, njano, nyekundu.
Hakulisema lililobaki:
sina upande kwa kuwa sina kura,
na sina kura kwa kuwa nalala maili arobaini na moja
chini ya mlima, ng'ambo ya mpaka wa mji
ambao watoto wake nimewapikia makaroni na supu
miaka kumi na tisa.

Tuko kituo cha zimamoto.
Gari jekundu wamelitoa nje, kwenye theluji,
ili viti vipate nafasi.
Hata wewe, nikaliambia moyoni.

Wagombea watano, nafasi mbili za baraza.
Kijani.
Dwight Pelletier, mwenye duka la skii, ana mpango.
Kijani.
Lorna Haskett, wakala wa majumba, ana mpango wa kurasa sitini,
una picha za miti ambayo haijapandwa.
"Makazi nafuu," anasema,
na hilo neno nafuu analitamka
kama daktari anayemwambia mgonjwa atapata nafuu
na hamwambii lini.
Njano. Haioni. Nyekundu. Anatabasamu, anaendelea.

Osvaldo Archuleta, mwoka mikate,
unga bado umo kwenye kucha,
anaomba radhi: mpango hana, ana hesabu tu.
Waokaji wanne. Chumba kimoja. Vitanda viwili.
Wa usiku akiamka, wa mchana analala palepale.
"Shuka," anasema, "hazijapoa tangu Septemba."
Zimembaki sekunde hamsini.
Anakaa.

Basi wote pale mezani ni wapangaji,
wanapanga mji.
Nami nilikuwa mpangaji, Mtaa wa Msonobari, namba nane,
nilipanga, nikapanga vyombo, nikapanga maua dirishani,
hadi ikaja barua ya karatasi nzito, yenye adabu zote:
nyumba sasa itakuwa ya wageni wa mwisho wa juma.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja.
Mwenyeji alifungasha sufuria kwa magazeti.

Kisha maswali. Akasimama Verna Stoltz,
dereva wa greda la theluji, kofia mkononi,
mwanamke asiyependa maneno.
"Februari," akasema, "njia ya mlimani ikifunga,
na sisi wa kuifungua tuko upande wa pili tumelala,
nani atakuja kuifungua?"

Kipaza sauti kikapita mezani
kama sahani ya chakula asichokitaka mtu.
Dwight akampa Lorna. Lorna akampa aliyefuata.
Nami, sijui nini kilinishika,
nikabonyeza saa.
Nikainua kijani.
Nikaupa ukimya nao dakika zake mbili, kwa haki,
kama mgombea mwingine yeyote.
Mtu akakohoa. Bomba la joto likalia ukutani.
Njano.
Maribeth akanitazama, akatazama viatu vyake.
Nyekundu.
Ukimya ulimaliza kwa wakati. Ni wa kwanza usiku ule.

Nikirudi nilipita Mtaa wa Msonobari, ingawa si njia yangu.
Madirisha yote giza.
Lakini mbele ya gereji wameweka mabomba ya moto chini ya saruji,
na theluji ilikuwa inayeyuka taratibu, kwa uangalifu,
kwa ajili ya watu wasiokuwepo.
Uani kibao cha Lorna: MJI WETU, NYUMBA ZETU.

Mpakani kuna kile kibao kingine, cha idadi ya wakazi:
elfu mbili, mia tatu na kumi na sita.
Sijui kama walishanitoa
au bado nimo, kwa kusahauliwa.
Nilipunguza mwendo, nikawasha taa kubwa,
nikaisoma tena.
Kadi tatu za Maribeth zilikuwa bado mfukoni.