Daftari la Mkopo

Saa nane na nusu usiku, Iyunga,
mchakato wa sita umekufa tena.
Haukulia. Umeacha mstari mmoja kwenye kioo:
*kumbukumbu haitoshi*,
na wenzake saba wamesimama wakiusubiri
kama waombolezaji wanaongoja gari la maiti
lililokwama Igawilo.

Gwantwa amejifunika blanketi mpaka masikioni.
Juni ya Mbeya haina masihara,
hata kompyuta inaonekana kushukuru joto lake yenyewe.
"Tuongeze RAM," anasema.
Kwa hela ipi? Bajeti iliishia kwenye feni na nyaya.

Tunachokitafuta ni maji
yaliyo chini ya bonde la Usangu:
yanakokwenda mpunga ukishanyonya,
yanapojificha kiangazi.
Tumelikata bonde vipande elfu themanini,
na kila kipande kinawajua majirani sita tu,
wa juu, wa chini, na wanne wa ubavuni.
Waliobaki wote, kwake, ni sufuri.
Sufuri hadi Igurusi, sufuri hadi Rujewa,
sufuri juu ya sufuri
kama ukungu wa Uporoto asubuhi,
mgeni akaapa hakuna mlima.

Nilimshuku wa sita.
Nikamhamishia wa tatu kipande chake.
Akafa wa tatu.
Basi mgonjwa si mbebaji, ni mzigo.
Kuna nini kwenye kipande hicho?
Visima. Visima kumi na kimoja, basi.

Hapo nikamkumbuka mama, dukani kwake Mwanjelwa.
Mtaa mzima hununua kwake
na daftari lake lina kurasa mia moja.
Haandiki: Ndelwa hadaiwi,
Tumwimbile hadaiwi, Mwakabanga hadaiwi.
Anaandika jina, siku, kiasi.
Asiyemo, hadaiwi;
ukimya ndio sufuri yake, na ukimya hauli karatasi.

Nikashuka mstari kwa mstari
mpaka wa mia nne na kumi na mbili.
Pale penye visima, mtu aliikunjua matriksi nzima
akaandika kila sufuri kwa adabu zote,
kila moja akaipa kiti chake, baiti nane,
kama mgeni rasmi.
Nikatafuta jina la aliyeandika.
Mimi. Machi, mwaka jana.

Gwantwa hakucheka. Nilitamani acheke.

Tukarekebisha, tukawasha.
Hatua ya kumi, wa sita mzima.
Hatua ya arobaini, mzima.
Kufika ya mia tatu nikaona mchoro unapanda,
taratibu, bila kurudi,
kama ndoo iliyosahauliwa bombani.
Kila hatua tuliunda matriksi mpya
na ile ya jana hatukuiachia;
michakato minane, kila mmoja na lundo lake la jana.
Mama akilipwa, hukata kwa wino mwekundu.
Sisi tulikuwa hatukati.

Mstari mmoja wa kuachia. Herufi chache.
Saa kumi na moja alfajiri maji yalipatikana,
chini kuliko tulivyodhani.
Hilo ni jambo la mkutano mwingine.

Jumamosi nikamweleza mama kosa langu.
Alisikiliza huku akipima dagaa,
kisha akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnamwandika kila mtu."
"Ndiyo."
"Na aliyelipa hamkumkata."
"Ndiyo, mama."
"Na hiyo shule ya miaka mingapi?"

Nikalifungua daftari lake, nipate cha kujitetea.
Ukurasa wa kwanza, juu kabisa:
Syabumi. Sukari nusu. Sabuni mche mmoja.
Tarehe ya miaka kumi na mitatu iliyopita,
daftari lenyewe halina hata miezi miwili.
"Huyu si alifariki?"
"Alifariki."
"Na unamhamisha kila daftari?"

Mtoto alikuwa amefika na chupa ya mafuta.
Mama akaipokea, akaweka mrija.
"Wino mwekundu ninao," akasema.
Akamimina polepole, jicho kwenye mstari,
hadi ujazo ukatimia.