Kipande cha Eulogia

Saa kumi na moja alfajiri, El Alto, maji ya bomba yameganda tena.
Nilda Choquehuanca, fundi wa maabara,
anapasha vidole kwenye mvuke wa chai
kabla ya kugusa kipande cha nyama
kisichozidi ukucha wa kichanga.

Ni cha Eulogia, muuza viazi vikavu,
aliyemwambia daktari: kata upesi,
lori langu liko njiani.

Kahawia hushika walinzi tu.
Buluu hushika kila kiini, chema na kiovu.

Nilda anainamia lenzi.
Adui huyu hapa. Hakuvuka mpaka.
Ni seli ya Eulogia mwenyewe, iliyosahau kufa
tangu kirusi kilipoingia mlango wa kizazi bila hodi
kikamziba kinywa bawabu wa ndani.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Hiki si cha nguoni.
Hiki ni nguo yenyewe.

Kwa miaka ilivua alama zake, ikajificha,
walinzi wakapita, wakarudi, wakapita.

Kisha mmoja akatambua.
Yupi? Kioo hakisemi.
Alitema interferoni,
protini ndogo isiyoonekana kwa lenzi yoyote hapa,
na mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo:
jirani aliipokea kwa ngozi, akapiga yake,
wa tatu akapiga,
hata kwenye mshipa wa damu wakasikia
wakapenya ukutani, ubavu ubavu,
seli T, na zile ziuazo bila kufunzwa,
kila moja na sindano yake ya kutoboa.

Uvimbe nao una barua zake.
Tulieni, huandika. Hapa hapana vita.
Wapo walioamini.
Nilda anawaona ukingoni, kahawia tupu,
wamekaa kama vibarua waliokosa kazi.
Fomu haina nafasi yao.

Anahesabu waliomo ndani. Anapotea, anaanza upya.
Mia mbili na kumi na nne.
Jana, kwa mwanamke wa Viacha, walikuwa tisa,
na Nilda hakula chakula cha jioni.

Mia mbili na kumi na nne si kupona.
Anajua. Hata hivyo anaitamka kwa sauti,
peke yake, chumba kizima kikimsikiliza.

Kalamu inakwaruza tu. Wino umeganda.
Anaipulizia pumzi,
anaandika tena.