Alfa ya Igowole

Kuku walikuwa saba, mmoja analalia mayai
kwenye kiti cha nyuma, ngozi imepasuka,
sponji imefura kama ubwabwa unaotaka kufunua chungu.
Nilivuta mlango, mlango ukabaki mkononi.
"Kamwene," nilisema. "Kamwene," akaitika Mama Semgimwa,
akautazama ule mlango, akanitazama mimi:
"Huo umeshanunua."

Ilikuja na Mtaliano mpima barabara, mwaka sitini na saba.
Akaondoka usiku, mvua ikinyesha, akamwachia mpishi wake funguo
badala ya mshahara wa miezi minane.
Mpishi hakuwa na leseni.
Jumapili baada ya misa aliketi nyuma ya usukani,
tai shingoni, vioo juu,
hadi pumzi zake zikatanda ndani
na ukungu wa Mufindi ukatanda nje,
asionekane.
"Na wewe, mama, hukuketi naye hata siku moja?"
"Gari lisilokwenda ni chumba," alisema.
"Chumba ninacho."

Tukapatana: laki tatu, mifuko miwili ya mbolea,
na sharti moja, kuku aangue kwanza.
Siku kumi na mbili nilipanga palepale Igowole,
kila alfajiri nikivuka majani ya chai yenye barafu
kwenda kukagua mayai yasiyo yangu.

Kihesa, fundi Luvanda aligonga bodi kwa spana namba kumi,
sikio karibu, kama daktari wa kifua.
"Hapa pana chuma.
Hapa hapana kitu, ni rangi tu inakumbuka chuma."
Tulikwangua samadi madebe matatu,
jirani akaipeleka kwenye mchicha wake.
Ndani ya kabureta nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo mwekundu,
nyumba imara kuliko sakafu yote ya gari.
Mpira wa rejeta tukaazima kwa Pijo iliyokufa Ipogolo.
Pete za pistoni zilitoka Torino, miezi saba njiani,
ushuru ukazidi bei ya gari lenyewe.
Atupele, mke wangu, akaacha kuuliza bei,
akaanza kuuliza mwaka.

Wenzangu walinunua mashamba ya misindano.
Msindano hukua mwenyewe amelala.
Mimi nilinunua kitu kinachooza nikiwa macho,
nikishika msasa, usiku, kwa taa ya kuchaji,
huku kutu ikinyesha kwenye kahawa yangu.
Sijui kwa nini. Nisidanganye hapa.
Labda ni ile mikunjo ya boneti, miwili, myepesi,
kama shuka iliyotandikwa na mtu asiye na haraka.

Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, baridi ya kuuma meno,
ikakohoa. Ikanyamaza. Luvanda akaitukana kwa Kihehe,
kwa upole.
Ikashika.
Watoto wa Kihesa wakakimbia, kisha wakarudi.

Nikaipeleka Igowole. Mama Semgimwa alikuwa anapalilia.
Akanawa miguu, akafunga mlango taratibu,
ule ule mlango,
akaweka mkono juu ya usukani wangu kidogo,
akautoa.
"Twende."
Tulifika njia panda, mahali lami inapoanzia.
Niliuliza: Mafinga? Akatazama lami
kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.
"Rudi. Nimeacha maharage motoni."

Hakusema kingine. Alinipa mayai manne ndani ya kofia.
Nilipofika Sao Hill giza lilikuwa limeingia,
nikawasha hita kwa mara ya kwanza,
na kutoka kwenye tundu la hewa
ukaja unyoya,
mweupe, ukaelea,
ukatua kwenye kiti alichokalia.

Sijautoa. Atupele akipanda huusogeza kwanza,
akishakaa, huurudisha kwenye paja lake.